Taa ya Nyuma ya Mwalimu Anselme

Ninyi mnaobaki kwenye atelier yetu, karakana ya Bigo mjini Bunia, hamjaniacha nipumue tangu niweke chini bisibisi. "Papa Jérôme, andika, utasahau." Haya, naandika. Lakini msitegemee kusoma habari za vyeo. Kwenye atelier ya watu watatu, mkubwa ni yule anayeshika ufunguo wa mlango, na mimi nimeushika miaka mingi bila mtu kunipigia makofi. Nitaandika kuhusu umeme wa magari, mtu aliyenifundisha, na kosa langu moja ambalo bado linaniuma. Kosa hilo mtalikuta mbele. Msilirukie, someni kwa mpangilio kama watu wenye adabu.

Nilianza kazi Nizi, kwenye karakana ya malori ya machimbo. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, kwa sababu mama aliniambia kazi ya umeme ni kazi safi. Ilipofika saa nne asubuhi shati lilikuwa na rangi ya barabara. Fundi mkuu, muzee Gaspar, aliniangalia kutoka juu hadi chini na hakucheka. Alinipa koti lake kuukuu, na ndani ya mfuko wake kulikuwa na kifaa ambacho nimekitumia mpaka nilipostaafu: balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja una koleo, mwingine una msumari. Unabana koleo kwenye chuma cha gari, unagusisha msumari pale unapotaka kujua kama umeme upo. Balbu ikiwaka, upo. Isipowaka, ama haupo, ama chuma ulichobana ni kichafu, na hapo vijana wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha vitu vizima.

Siku hiyo yote Gaspar hakuniruhusu kufungua hata skrubu moja. Nilizunguka lori lililosimama, nikigusisha msumari wangu huku na kule, naye akiniuliza nimeona nini. Gari lina waya mmoja tu unaokwenda kwenye taa. Njia ya kurudi kwenye betri ni bodi lenyewe, na njia hiyo sisi tunaiita masse, kama Wafaransa walivyotuachia.

"Kila mutu anaangalia fasi courant inaenda," aliniambia, akimaanisha mahali umeme unapokwenda. "Weye, angalia fasi inarudia. Shida iko kule."

Kuna lori lililoingia na ugonjwa wa kuchekesha: dereva akikanyaga breki, vifutio vya kioo vinatikisika. Dereva, mtu wa sala kwelikweli, alishawishika kwamba kuna mkono wa adui wake, akataka gari liombewe kabla hatujaligusa. "Weye omba," Gaspar akamwambia, "mimi nakwangua kutu." Kila mmoja akafanya kazi yake. Gaspar alisafisha mahali waya wa masse ulipofungwa kwenye chasi, akaukaza, vifutio vikatulia. Dereva alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na Gaspar akaitikia amina bila kisirani chochote. Mimi ningenuna wiki nzima.

Alikuwa na sheria moja asiyoivunja: taa za nyuma haziangaliwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, anawasha kila anachowasha dereva, anakanyaga kila anachokanyaga. Mwingine anasimama nyuma na kusema kwa sauti anachokiona. Gari likiwa limesimama tu, alisema, ni kama mtoto mbele ya wageni, lina adabu zote. Ukitaka kujua tabia yake, lifanyishe kazi. Nilikuwa nasikia hayo kila siku mpaka nikachoka kuyasikia.

Kisha ikaja miaka ya vita, ambayo sina haja ya kuwasimulia, maana hakuna nyumba kati ya zenu isiyokuwa na ya kwake. Gaspar aliondoka Nizi na wajukuu wanne na godoro moja. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia Bunia. Alikuja akakaa karibu nasi, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi la atelier, hata macho yake yalipokuwa hayaoni tena waya. Alisikiliza tu. Dereva akiwasha injini barabarani, Gaspar alisema, "Ile alternateur inakufa, haijaze tena betri," na kweli baada ya siku mbili tatu dereva yule alirudi akisukumwa. Alipofariki nililia kuliko nilivyolia kwa baba yangu mwenyewe, na sioni aibu kuliandika hilo.

Hayo yamepita. Siku hizi mnafanya kazi na simu mkononi, na simu inajua mengi. Lakini niwakumbushe kuhusu magari ya zamani na hizi balbu mpya zinazokula umeme kidogo. Kidude kinachopepesa taa za kona kwenye gari la zamani kinapata joto kutokana na umeme unaopita ndani yake, kinakata, kinapoa, kinaunga tena. Ukiweka balbu isiyokula umeme, kidude hakipati joto, basi taa inawaka bila kupepesa, au haiwaki kabisa. Mteja atawaambia gari limerogwa. Mwambieni arudishe balbu za zamani.

Sasa nifike kwa Mwalimu Anselme.

Alinifundisha darasa la tano, pamoja na nusu ya watu wa mji huu waliovuka miaka hamsini. Alikuwa mkali kuhusu jambo moja tu: ukitoa jibu, useme umelipataje. Alipostaafu alibaki na mke wake, Mama Véronique, kwenye nyumba yao kule Shari, na gari lake la Kifaransa, familiale, yaani gari refu la familia, la rangi ya buluu iliyokolea, lenye umri mkubwa kuliko yeyote kati yenu. Alilitunza kwa mkono wake. Jumapili alilipeleka kanisani akiendesha polepole hivi kwamba wanawake wenye vikapu vichwani walimsalimia, wakaongea naye, na bado wakawa sawasawa naye.

Miaka michache kabla sijaacha kazi, akiwa amekaribia themanini, Mwalimu alipata ajali. Alikuwa anarudi nyumbani mchana. Alipofika kwenye kona ya avenue yao alipunguza mwendo na kupinda kushoto. Kijana wa pikipiki aliyekuwa nyuma yake, jina lake Dieumerci, alikuwa ameanza kumpita upande huohuo wa kushoto, ambako kwetu ndiko gari hupitwa. Aligonga mlango wa gari na kuvunjika mguu. Watu wakajaa. Dieumerci, akiwa chini, alisema muzee hakuwasha taa ya kona. Wawili waliokuwa nyuma yake wakasema vilevile. Mwalimu akasema aliiwasha. Alikuwa peke yake kusema hivyo.

Siku ya pili binti yake, Béatrice, alileta gari Bigo. Ni muuguzi, mtu wa haki, hapendi maneno mengi. Mwalimu alikuja naye, amevaa koti na tai, kama mtu anayekwenda kwenye mtihani.

"Papa Jérôme, angalia clignotant ya kushoto," Béatrice aliniambia, yaani ile taa ya kona. "Papa anasema alitia. Motard anasema hakutia. Batu yote ya barabara banasema hakutia. Siye tunataka tu kujua."

"Nilitia," Mwalimu akasema. "Nilisikia iko inalia, na témoin, ile taa kidogo ya dashibodi, iliwaka mbele yangu."

Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Wenzangu walikuwa wamekwenda mazishini, nami nilikuwa nimechelewa kuwafuata. Niliingiza mkono dirishani, nikashusha kijiti cha taa kwenye usukani, nikasikia tiki-tiki. Nikaenda mbele: taa ya kushoto inapepesa. Nikaenda nyuma: inapepesa. Nikaitikisa kwa kiganja, nikahesabu mpaka thelathini. Inapepesa. Wala sikumwambia Béatrice akae kwenye kiti.

"Iko muzima," nikasema. "Haina kitu."

"Angalia tena, Jérôme."

"Mwalimu, nimeangalia. Gari haina shida."

Hakubisha. Aliitazama ile taa ikipepesa kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi. Nilishawahi kumwona akitazama daftari la mtoto namna ile, akitafuta jibu limetoka wapi. Kisha akatoa ufunguo wake wa gari mfukoni na kumpa binti yake. Béatrice alifungua mkoba, akautia, akasema asante. Nikakimbilia mazishini.

Wiki zilizofuata nilisikia habari zao kwa vipande, kama tunavyosikia habari za kila mtu hapa. Mwalimu sasa anakwenda kanisani kwa miguu. Mama Véronique amemficha kiberiti, asije akasahau jiko. Akifunga mlango, mtu anakwenda nyuma yake kuujaribu. Akisema amemeza dawa, wanahesabu vidonge. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimpenda na waliogopa. Nilikutana naye siku moja karibu na soko, amebeba mwavuli, nikamuuliza hali.

"Nilienda kwa ule kijana Dieumerci," akaniambia. "Nilimwomba pardon. Nilimwambia mimi muzee, nilisahau."

"Lakini ulisema ulitia."

"Jérôme, batu watatu banasema hapana, na fundi anasema gari iko muzima. Mutu mumoja anaweza kujua kuliko bote?" Akatabasamu kidogo. "Sasa hata mimi nikifunga mulango, narudia kuangalia."

Nilimwambia pole, ni umri, sote tunaelekea huko. Nilimwambia hayo kwa kinywa changu hiki.

Miezi miwili baada ya ajali nilikuwa nimepanda pikipiki asubuhi kwenda kununua nyaya. Mbele yetu kulikuwa na ile familiale ya buluu, Béatrice anaendesha. Ikapunguza mwendo, taa za breki zikawaka, kisha ghafla ikapinda kushoto bila taarifa. Dereva wangu alikata usukani, tukaponea kwenye mchanga wa pembeni.

"Ona huyu mama!" akapiga kelele. "Hata clignotant hajue!"

Béatrice alisimama, akashuka. Aliniona. "Papa Jérôme, nilitia!" akasema. "Mungu wangu, nilitia! Kuya uone, iko inawaka!"

Nikaenda, nikaingiza kichwa dirishani. Taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi ilikuwa inapepesa, tiki-tiki inasikika. Nikainua kichwa, tukatazamana, naye akaziba mdomo kwa mkono. Nadhani tulisikia kitu kilekile kwa wakati mmoja: alikuwa amesema maneno ya baba yake.

Nikaenda nyuma. Taa ya kushoto ilikuwa inapepesa vizuri kabisa, kama ilivyopepesa Bigo. Wakati huu nilimrudisha Béatrice kwenye kiti.

"Kanyaga breki."

Akakanyaga. Taa ya kona ikafifia, ikapotea. Upande wote wa kushoto ukabaki na wekundu hafifu usiopepesa. "Achia." Ikarudi kupepesa. "Kanyaga." Ikapotea. Nilimwambia afanye hivyo mara sita au saba, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ila kwa sababu sikutaka kwenda mbele kumwambia.

Taa ya breki na taa ya kona ya upande ule zinakaa kwenye sahani moja ya chuma, na zinarudisha umeme kupitia skrubu moja iliyoingia kwenye bodi. Nilifungua kwa bisibisi ninayotembea nayo. Chini ya ile sahani hakukuwa na chuma kinachoonekana. Kulikuwa na mastiki, ile dawa mafundi wa bodi wanayojazia mibonyeo, na juu yake rangi nzuri ya buluu. Nyote mnajua desturi yetu: gari likimbeba bibi harusi lazima ling'ae, hata kama injini inakohoa. Mwalimu alilipaka rangi mwaka alioolewa Béatrice, na fundi alijaza mbonyeo wa nyuma, akapaka, akafunga taa juu yake. Mastiki haipitishi umeme, wala rangi. Ncha ya skrubu peke yake ndiyo ilikuwa inagusa chuma, na kutu ilikuwa imeila mwaka hadi mwaka. Njia ikabaki nyembamba, inatosha kurudisha umeme wa taa moja. Ukikanyaga breki, taa mbili zinataka kupita kwenye njia ya taa moja. Mbele taa inaendelea kupepesa, kwenye dashibodi inapepesa, dereva anasikia na kuona kila kitu. Aliye nyuma haoni kitu. Na nani anapinda kona bila kukanyaga breki?

Kwa hiyo Dieumerci alisema kweli, na Mwalimu alisema kweli. Aliyesema uongo ni mimi, ingawa sikujua.

Nilichukua kipande cha waya kilichokuwa mfukoni mwangu, nikafunga ncha moja kwenye sahani ya taa na nyingine nikaipeleka chini mpaka kwenye chasi, pale nilipokwangua chuma kikang'aa. Béatrice akakanyaga breki. Taa ya kona ikapepesa kwa nguvu, haikufifia. Aliweka paji la uso kwenye usukani na kulia. Yule dereva wangu wa pikipiki, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa anamtukana, alisimama kando ameshika kofia yake mkononi.

"Alikuwa ananiambia," Béatrice akasema. "Kila siku alikuwa ananiambia, halafu akaacha."

Hakutaka nisubiri mpaka kesho, nami sikutaka. Tulikwenda Shari saa ileile. Nyaya nilizotaka kununua zilinunuliwa wiki iliyofuata.

Mwalimu alikuwa sebuleni, amekaa na gazeti kuukuu. Alisimama kutusalimia, akakaa tena. Béatrice akakaa kwenye mkono wa kiti chake na kumshika bega. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Gari imekufa?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi ndiye nilikosea. Clignotant ilikuwa na shida. Siku ile ulitia."

Nilidhani atafurahi, au atanikasirikia, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Alivua miwani. "Umelipata namna gani?" akauliza.

Basi nikamweleza, nimesimama kama nilivyosimama mbele ya ubao wake, na mikono yangu nikaiweka nyuma bila kufikiri. Nilimweleza skrubu, mastiki, rangi ya harusi, breki. Nilimweleza pia kwamba nilifanya kazi ya watu wawili peke yangu kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwamba muzee aliyenifundisha kazi angenifukuza siku ileile. Alinikatiza mara mbili akitaka nirudie mahali ambapo sikueleza vizuri.

"Donc, mbele ilikuwa inawaka."

"Ilikuwa inawaka."

"Na nyuma, nikikanyaga frein, inazimika."

"Inazimika, Mwalimu."

"Ule kijana hakuona, kwa sababu hakukuwa na kitu ya kuona. Tutaenda kumwambia na yeye. Anafikiri mimi ni mutu wa kusahau." Akaliweka gazeti mezani. "Lakini mimi nilitia."

"Ulitia."

"Sema kwa nguvu, Jérôme. Mama iko mu jikoni."

Nikasema kwa nguvu. Akatikisa kichwa: haitoshi, sufuria zinapiga kelele. Nikaenda mpaka mlango wa ua, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikapaza sauti hata majirani wakachungulia juu ya ukuta: "Mama Véronique! Mwalimu alitia clignotant! Hakusahau! Gari ndiyo ilikuwa mubaya!"

Sufuria zikanyamaza. Mama Véronique alitokea mlangoni na mikono yenye unga wa muhogo. Alimtazama mumewe, akamtazama binti yake aliyekuwa analia, akaelewa yote bila kuuliza. Alirudi ndani. Alipotoka alikuwa ameshika kiberiti, akakiweka mezani mbele ya Mwalimu, juu ya gazeti, akarudi kwenye unga wake.

Mwalimu alikichukua na kukitia mfukoni. Ndipo aliponionyesha kiti.